Mgeni Mbele ya Mizani Yetu

Somo: Mambo ya Walawi 19:33-36

Washarika wengi tunazikumbuka aya ya 33 na ya 34 za sura hii. Mungu anawaagiza Waisraeli wasimwonee mgeni anayekaa kati yao, wampende kama nafsi zao wenyewe, kwa sababu wao pia walikuwa wageni katika nchi ya Misri. Aya hizi huzisoma Jumapili ya diakonia, tukatoa unga, sabuni na nguo, tukaimba na kurudi nyumbani. Mara chache tunaendelea hadi aya ya 35 na ya 36. Hapo Mungu, bila kubadili mazungumzo, anaanza kusema habari za mizani, mawe ya kupimia na vipimo vya nafaka, kwamba vyote viwe vya haki. Kisha anamaliza kwa kuwakumbusha tena kwamba yeye ndiye aliyewatoa Misri.

Chuoni tulifundishwa kwamba Maandiko yanapoweka mambo mawili jirani, msomaji asipite haraka katikati yake. Mgeni na mizani vimewekwa jirani. Anayeonewa kwa mizani mbovu, kabla ya mwingine yeyote, ni mtu asiye na ndugu wa kumtetea, asiyejua bei ya soko, asiye na pa kushtaki. Kwa hiyo amri ya kumpenda mgeni haiishii mlangoni mwa kanisa Jumapili. Inafika gulioni Jumatatu, inaingia ghalani, dukani, shambani na karakana. Katika insha hii tunataka kutafakari pamoja nanyi jambo hilo: wafanyabiashara wetu wa Tanga, wakubwa kwa wadogo, wana nafasi gani katika kuwasaidia wakimbizi na watu wanaoomba hifadhi?

Pengine wengine mtasema wakimbizi ni habari ya Kigoma, kule Nyarugusu na Nduta. Sivyo. Mkoa wetu una habari yake mwenyewe, na ni miongoni mwa habari za ajabu katika Afrika yote.

Wazigua waliorudi nyumbani

Karne ya 19, njaa kali na biashara ya watumwa viliipiga nchi ya Uzigua. Wazigua wengi, pamoja na watu wa makabila mengine ya pwani na bara, walipakiwa majahazini wakapelekwa kaskazini hadi pwani ya Somalia, wakafanyishwa kazi katika mashamba ya mabwana kando ya mto Shebelle. Baadaye wengi walitoroka wakaenda kujificha katika misitu ya mto Juba, wakafyeka, wakalima, wakaanzisha vijiji vyao. Simulizi zao zinamtaja mwanamke mmoja, Wanankhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza katika safari hiyo. Sisi tunaomsoma Miriamu na Debora hatushangai kusikia hivyo.

Waliishi huko vizazi kadhaa. Walisilimu, walijifunza Kisomali, lakini wengi hawakuiacha lugha yao. Wala majirani zao hawakuwaacha wasahau kwamba walikuja kama watumwa. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wakulima hawa hawakuwa na ukoo wenye silaha wa kuwalinda. Wenye bunduki walipora akiba yao ya chakula, wakawatesa na kuwaua. Waliobaki walikimbia. Wengi walitembea kwa miguu hadi kambi za Dadaab nchini Kenya, na kati yao maelfu walipokelewa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Wengine walipanda vyombo vya baharini wakashuka kusini hadi Tanzania, kuelekea nchi ambayo babu zao waliwasimulia.

Waliletwa Handeni, kwanza katika kambi ya Mkuyu, na kuanzia mwaka 2003 katika makazi ya Chogo, ambako walipewa ardhi ya kulima. Wenyeji wa Handeni walipowasikia wakizungumza, walielewa. Lugha ilikuwa Kizigua, chenye maneno ya zamani ambayo hapa husikika kwa wazee tu. Baada ya zaidi ya miaka 150, wajukuu wa waliouzwa walikuwa wamesimama tena juu ya udongo uleule, wakiamkiana na wajukuu wa waliobaki. Serikali yetu iliwafungulia mlango wa uraia, na zaidi ya watu elfu moja kati yao wakawa Watanzania. Kwa hilo tunamshukuru Mungu, na tunaishukuru nchi yetu.

Lakini cheti cha uraia hakiuzi mahindi. Mtu aliyepewa ardhi na karatasi bado anahitaji mtu wa kununua gunia lake kwa bei ya haki, wa kumkopesha mbegu, wa kumpa kazi wakati mvua zimekataa. Handeni tunaijua: mwaka mmoja ghala limejaa, mwaka unaofuata watu wanapanga foleni ya chakula cha msaada. Hapo ndipo unapoonekana uzito wa mfanyabiashara. Serikali imeweza kusema, "Ninyi ni wenzetu." Soko ndilo litakaloonyesha kama ni kweli.

Mkoa uliojengwa na wageni

Sisi watu wa Tanga tuna sababu ya pekee ya kulisikia neno hili. Hata zao lililotupatia jina duniani lilikuja kama mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, ikapitia Hamburg. Iliyofika hai ni 62 tu, ikapandwa upande wa Pangani. Kutokana na miche hiyo 62 yalitoka mashamba yaliyofunika Korogwe, Muheza, Pangani na Tanga, hata Tanganyika ikaongoza dunia kwa mkonge. Mwaka 1964 nchi ilivuna karibu tani 230,000.

Nani aliukata mkonge huo? Wenyeji peke yao hawakutosha, na wengi hawakuitaka kazi ile. Wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kukusanya vibarua, kilichojulikana kama SILABU. Watu hao tuliwaita manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba, na kwa wengi namba hiyo ikawa kubwa kuliko jina. Baadhi yao walikuja kutafuta fedha ya kodi, wengine walikimbia shida za kwao. Wengi hawakurudi. Leo wajukuu wao ni walimu, madereva, wauguzi, waimbaji wa kwaya zetu. Tukiitisha mkutano wa usharika kule mashambani na kumwuliza kila mmoja babu yake alitoka wapi, tutapata ramani ya nusu ya Afrika Mashariki.

Tunaisema historia hii kwa sababu mbili. Ya kwanza, anayesema kwamba mgeni hujenga nchi ya watu anasema jambo ambalo Tanga imeliona kwa macho. Ya pili ni onyo. Manamba walipewa kazi, lakini kazi hiyo ilikuwa ngumu, mshahara mdogo, na makambi yao yalikuwa duni. Kumpa mgeni kazi peke yake hakutoshi kuitwa msaada. Farao naye aliwapa Waisraeli kazi.

Kanisa linafika wapi?

Kanisa letu halikukaa kimya katika habari za wakimbizi. Mwaka 1964 Shirikisho la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilianzisha huduma ya TCRS hapa nchini, ikawapokea wakimbizi wa Rwanda, kisha wa Msumbiji, wa Burundi na wengineo. Shirikisho lenyewe liliundwa Lund, Uswidi, mwaka 1947, wakati Ulaya ilipojaa Walutheri waliopoteza makwao kwa vita. Makazi ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo yaliyofunguliwa kwa ajili ya Warundi wa mwaka 1972 yalikua yakalima mahindi na tumbaku kwa wingi, na mwaka 2014 Tanzania ilitangaza kuwapa uraia watu wapatao 162,000 kutoka makazi hayo. Dunia nzima ilistaajabu.

Huduma hiyo ni heshima kwetu. Hata hivyo sisi wachungaji tumeona mahali ambapo uwezo wa kanisa unakoma. Kanisa linaweza kutoa blanketi, linaweza kuchimba kisima, linaweza kumzika mgeni kwa heshima. Haliwezi kumnunulia mkulima magunia yake yote kila msimu, wala kumwajiri kijana miaka 20. Hayo yanawezwa na watu walioko katika viti vya kanisa, wenye maduka, malori, mashine za kusaga, karakana na mashamba. Tunapowaita wachangie sadaka ya wakimbizi tu, tunawaomba kilicho kidogo na kuacha kilicho kikubwa.

Tulizungumza jambo hili siku moja na mzee wa kanisa mmoja, mnunuzi wa mazao upande wa Handeni. Alitusikiliza, kisha akasema, "Mchungaji, mambo ya wakimbizi ni ya serikali na mashirika. Mimi sina kambi. Nina ghala."

Tukamjibu, "Mzee wetu, ni hilo ghala tunalolizungumzia."

Akacheka. Lakini hakuondoka, na mazungumzo yetu yakaenda mpaka magharibi. Mengi ya yanayofuata hapa tulijifunza kwake na kwa wenzake.

Kununua kwa mizani

Jambo la kwanza ni kununua kwa haki. Kila mkulima wa mkoa huu anaijua lumbesa, gunia linaloshonewa kilemba juu ya kipimo, nalo huhesabiwa gunia moja. Wengine hutumia debe lililopondwa ili lipanuke, au mizani iliyochezewa. Mkulima mwenyeji huweza kubisha. Ana shemeji sokoni, anaye diwani, ana simu ya kumwuliza mwenzake bei ya Korogwe. Mgeni hana. Akibisha, ataambiwa arudi alikotoka.

Katekisimu Ndogo tuliyoisoma kabla ya Kipaimara inaeleza Amri ya Saba kwa upana. Martin Luther hakuishia kwa mwizi avunjaye mlango. Alitaja bidhaa mbovu na biashara ya hila, kisha akaongeza wajibu wa kumsaidia jirani aboreshe na kulinda mali yake. Basi mfanyabiashara Mlutheri anayenunua Chogo kwa kilo zilizo kamili, akatangaza bei kabla ya kupakia na kulipa siku hiyohiyo, ametimiza amri ya Mungu. Hakuhitaji kuanzisha mradi. Yule mzee wetu alisema maneno tuliyoyahifadhi: "Nikimpimia vizuri mwaka huu, mwakani atanitafuta mimi." Haki hiyo pia ni biashara nzuri, wala si dhambi kulisema hilo.

Mali kauli

Jambo la pili ni imani, kwa maana ya sokoni. Biashara ndogo za Tanga, kuanzia Ngamiani hadi magulio ya vijijini, huendeshwa kwa mali kauli. Mwenye duka la jumla anampa mchuuzi katoni ya sabuni au bando la vitenge bila fedha mkononi. Mchuuzi akiuza, analipa. Hakuna hati. Kuna neno tu, na mtu wa kusema, "Huyu namfahamu, kwao ni fulani."

Hilo la mwisho ndilo linalomfungia mgeni nje. Anaweza kuwa mwaminifu kuliko sisi sote, lakini hapa kwao ni wapi? Nani anamfahamu baba yake? Benki inadai dhamana, kikundi cha VICOBA kinataka mtu wa kumtambulisha, muuza jumla anataka jina. Hapa sharika zetu zina hazina isiyotumika. Mzee wa kanisa au mwalimu wa madrasa wa kijiji anayemjua mtu kwa miaka mitano anaweza kusimama na kusema, "Tunamfahamu." Barnaba alifanya hivyo kwa Paulo, mitume walipomwogopa, kama tusomavyo katika Matendo 9. Mfanyabiashara naye anaweza kuanza na kidogo, katoni moja, kisha mbili, akaweka daftari, na mwaminifu akapandishwa.

Wenzetu wa Kenya wametuonyesha inavyowezekana. Kambi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992 katika nchi kavu ya Turkana, mahali ambapo wengi waliona mchanga na misaada tu. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kuwapa wakimbizi sehemu ya msaada kwa njia ya simu, mpango uitwao Bamba Chakula, ili wanunue wenyewe kwa wafanyabiashara walioidhinishwa, wakimbizi na wenyeji. Mwaka 2018 shirika la IFC la Kundi la Benki ya Dunia lilichapisha utafiti wake kuhusu Kakuma. Lilikuta biashara zaidi ya 2,000 na matumizi ya kaya yanayokaribia dola milioni 56 kwa mwaka, katika kambi na mji wake. Waturkana waliokuwa wakiuza kuni na mbuzi walipata wateja. Mgeni aliyeonekana mzigo akawa mnunuzi, muuzaji na mlipa mshahara.

Kazi yenye jina na malipo

Jambo la tatu ni kazi, na hapa lazima tuwe makini na sheria. Mkimbizi ambaye hajapata uraia, pamoja na mwomba hifadhi ambaye ombi lake halijaamuliwa, wako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Wanatakiwa kuishi katika maeneo yaliyotengwa, wanahitaji ruhusa kutoka nje ya maeneo hayo, na mkimbizi anahitaji kibali ili aajiriwe. Aliyepata uraia kama ndugu zetu wa Chogo ni raia, na kumwomba kibali cha mgeni ni kumvunjia heshima.

Wafanyabiashara wengi wanaogopa, na hofu yao ina msingi. Fundi mkuu mmoja wa ujenzi alituambia, "Mchungaji, mtu akikosa karatasi, mimi ndiye nitakayelala ndani." Tulimpa habari za Boazi. Katika Ruthu sura ya 2 Boazi anafungua shamba lake kwa mwanamke Mmoabu. Anawaonya vijana wasimguse, anamwacha anywe maji ya wafanyakazi, anaagiza masuke yadondoshwe kwa makusudi ili aokote bila aibu. Lakini katika sura ya 4 Boazi huyohuyo anakwenda langoni, anaketi na wazee kumi, anamaliza shauri mbele ya mashahidi. Ukarimu wake na utaratibu wake vilikwenda pamoja. Hivyo mwajiri asikimbilie kufukuza wala kuficha. Aende kwenye ofisi ya serikali inayohusika na wakimbizi chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, aulize kibali kinapatikanaje, na kanisa limwandikie barua ikihitajika. Maombi halali ya waajiri wengi yanaweza pia kuisaidia serikali kuona kwamba wageni hawa wanahitajika.

Akishaajiri, alipe. Kumbukumbu la Torati 24:14-15 linamtaja kibarua maskini, awe ndugu au mgeni, na linaagiza apewe ujira wake siku hiyohiyo kabla jua halijatua, maana moyo wake unautegemea. Yakobo 5:4 anasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Mama mmoja wa usharika wetu mjini Tanga, mwenye cherehani nne, alimchukua binti wa familia iliyotoka Chogo ajifunze kushona. Tulipomtembelea tuliona daftari ukutani, limefungwa kwa kamba. Kila Jumamosi huandika vipande alivyoshona binti na fedha aliyompa, na wote wawili hutia sahihi. Tukamwuliza, "Mama, hii ya nini?" Akajibu, "Ili asiwe na la kunidai, na mimi nisiwe na la kumficha." Hakuna semina inayoweza kufundisha zaidi ya daftari lile.

Tukumbuke pia kwamba mgeni huja na ujuzi. Akila na Prisila, katika Matendo 18, walifukuzwa Roma kwa amri ya Kaisari Klaudio. Walifika Korintho wakiwa na ufundi wao wa kushona mahema, wakafungua kazi, na Paulo akafanya kazi na kukaa kwao. Karakana ya watu waliofukuzwa ikawa makao ya mtume. Katika siku zetu, Hamdi Ulukaya, Mkurdi kutoka Uturuki, alianzisha Marekani kiwanda cha mtindi cha Chobani, akaajiri wakimbizi wengi. Mwaka 2016 alianzisha umoja wa makampuni uitwao Tent, unaohimiza wenye biashara kuajiri na kufundisha wakimbizi. Sisi hatuna viwanda vya ukubwa huo. Lakini swali ambalo mwajiri anaweza kuuliza ni dogo, na halina gharama: "Kabla hujakimbia, ulikuwa unafanya kazi gani?" Mara nyingi anayepewa jembe ni fundi seremala.

Biashara inayoua

Haitakuwa haki kusema mema ya biashara na kuficha mabaya yake. Pwani yetu, kuanzia Horohoro na bandari bubu za Mkinga hadi Pangani, ni njia ya watu kutoka Pembe ya Afrika wanaokwenda kusini. Kuna wenye vyombo, wenye malori na wenye nyumba za kulala wageni wanaofaidika na safari hizo. Mwezi Juni 2012, Waethiopia zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma, baada ya kufungiwa ndani ya lori walimokosa hewa. Walikuwa vijana waliotafuta maisha. Aliyewapakia aliwahesabu kama mzigo.

Kuna na dhambi ndogo kuliko hiyo, isiyotangazwa redioni. Ni ya mwenye shamba au mwenye mgahawa anayemtumikisha mtu asiye na karatasi, na mwezi ukiisha anamtishia polisi ili asidai. Anajiona mjanja. Maandiko yanamwita mwonevu wa mgeni, na yanasema Mungu mwenyewe ndiye wakili wa anayeonewa. Wenye malori na wenye majahazi mlio kati yetu, tunawasihi: kanisa haliwezi kubariki chombo asubuhi kisha chombo hicho kikawa jeneza usiku.

Na vijana wetu je?

Kila tunapofundisha jambo hili, mtu husimama na kuuliza, "Mchungaji, watoto wetu wenyewe hawana kazi. Mbona mnawatetea wa kuja?" Swali hili ni la haki, na linatoka katika maumivu ya kweli. Hatutalijibu kwa kumkaripia anayeuliza.

Tunajibu hivi. Mgeni anayenyonywa ndiye anayeshusha mshahara wa kijana wetu, kwa kuwa tajiri atamchagua asiyeweza kudai. Mgeni anayelipwa kwa haki hamshushi mtu. Na kama Kakuma ilivyoonyesha, anayepata fedha huitumia hapohapo, kwa muuza nyanya, kwa bodaboda, kwa mama lishe. Yeremia 29:7 iliwaambia waliohamishwa Babeli wautafute ustawi wa mji walimo, kwa kuwa katika ustawi wake nao watapata ustawi. Ustawi wa mgeni na wa mwenyeji umefungwa katika furushi moja.

Wengine huuliza kimyakimya jambo jingine: hawa ni Waislamu, kwa nini kanisa lihangaike? Sisi wa pwani hatupaswi kulemewa na swali hilo. Tumekua tukila pilau la Idi kwa jirani na kumpelekea chakula cha Krismasi. Tumebeba majeneza ya wenzetu. Bwana Yesu katika Mathayo 25 anajitambulisha kama mgeni aliyekaribishwa au kuachwa nje. Habari ya dini ya mgeni huyo haikuulizwa. Na jiwe la mizani lina uzito uleule kwa wote. Tungependa kuona mfanyabiashara Mlutheri na mwenzake Mwislamu wakikubaliana bei moja ya haki kwa mahindi ya Chogo. Huo utakuwa ushuhuda mkubwa kuliko mikutano mingi.

Tuanze wapi?

Hatuwaombi jambo lililo mbali. Kamati ya diakonia ya kila usharika iwaite wafanyabiashara wake, mwenye ghala na mwenye genge, waketi jioni moja. Waulizane mambo matatu: Tunanunua kwa nani, na kwa kipimo gani? Ni mgeni gani tunayeweza kumwamini na mali kauli ndogo, nasi tukawa wadhamini wake? Nani kati yetu anaweza kufundisha kijana mmoja kazi ya mikono, kwa utaratibu wa sheria, na kumlipa? Usharika ukipata jibu moja la kweli, umetosha kuanza.

Mungu aliyewakumbusha Waisraeli habari ya Misri anatukumbusha nasi majahazi yaliyowabeba ndugu zetu kutoka pwani hii, na makambi ya mkonge walimoishi babu zetu wengi. Yeye aliyewarudisha wajukuu wa waliouzwa amewaleta hadi mbele ya mizani zetu. Sasa anatazama mkono unaoweka jiwe.

Tuombe: Ee Mungu wa Abrahamu aliyehama na wa Ruthu aliyeokota masuke, bariki kazi za mikono yetu. Safisha vipimo vyetu. Wape wenye mali moyo wa Boazi, wape wageni wetu riziki yenye heshima, na utupe sote kula mkate mmoja bila dhuluma. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu, aliyekimbiziwa Misri akiwa mtoto. Amina.